Maswali ya Wasomaji: Mwaka 132 Hijria na Kuanguka kwa Bani Umayya

Assalam alaykum, maalim. Kitabu kimoja chasema Bani Abbas walishika ukhalifa mwaka 749, kingine chasema 750. Nami nilipojumlisha 132 na 622, mwaka wa Hijra ya Mtume, nikapata 754. Nishike upi?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Waalaykum salaam. Hiyo 754 iache kabisa. Huo ndio mwaka aliofariki Abul Abbas as-Saffah, khalifa wa kwanza wa Bani Abbas, akarithiwa na nduguye al-Mansur. Ukiushika, utakuwa umeanza ufalme pale mfalme wake wa kwanza anapozikwa.

Umekosea kwa kujumlisha bila kupunguza. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria hulingana na kama 32 ya Miladia. Gawanya 132 kwa 33, utapata 4. Toa 4 katika 132, zitabaki 128. Jumlisha 622: ni 750.

Hata hivyo aliyeandika 749 hakukosea. Mwaka 132 ulianza Agosti 20, 749, ukaisha Agosti 8, 750, na mambo yake makubwa yaliangukia pande zote mbili. Jeshi la Khurasan, lililopigania Bani Abbas, liliingia Kufa, mji wa Iraq, Septemba 749. Abul Abbas akapewa baia, yaani kiapo cha utii, katika msikiti wa Kufa, na tarehe inayoshikwa na wengi ni Ijumaa, mwezi 12 Mfungo Saba (Rabiul Akhir), yaani Novemba 28, 749. Vita vya mto Zab, alikoshindwa Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya, vilikuwa mwezi 11 Mfungo Tisa (Jumadal Akhir), Januari 25, 750. Damascus ilitekwa Aprili, katika Ramadhani, na Marwan aliuawa Misri mwaka ukielekea kwisha, Mfungo Tatu (Dhul Hijja). Anayehesabu tangu baia huandika 749. Anayehesabu tangu Marwan kushindwa huandika 750.

Jihadhari pia na programu za simu za kubadilisha tarehe. Nyingine hutoa kalenda ya Gregori hata kwa karne ambazo kalenda hiyo haikuwapo, na kwa wakati huo tofauti yake na kalenda ya Juliasi, tunayoitumia hapa, ni siku 4: vita vya Zab utaviona Januari 29. Dawa yake ni kutazama siku ya wiki. Baia ile ilikuwa Ijumaa; programu ikikuletea Novemba 28, 749 isiyokuwa Ijumaa, ujue imetumia kalenda nyingine. Siku moja kuzidi au kupungua isikutie wasiwasi. Jedwali halingoji mwezi uandame, na sisi wa pwani twalijua hilo kila Ramadhani.

Marwan alikuwa jemadari mzoefu na jeshi lake lilikuwa kubwa zaidi. Ilikuwaje akashindwa siku moja?
*Msomaji, Malindi*

Hakushindwa kwa siku moja. Siku ile ilimalizia tu. Wanajeshi wa Sham walikuwa wamegawanyika kwa miaka mingi baina ya Qays na Yaman, makundi mawili ya makabila ya Kiarabu, na Marwan aliegemea Qays. Tena akahamisha makao yake kutoka Damascus kwenda Harran, kaskazini, jambo ambalo watu wa Damascus hawakulisamehe. Januari 749 tetemeko kubwa liliangusha Baysan na miji mingine ya bonde la Yordani. Huko Khurasan, Abu Muslim alikuwa ameinua bendera nyeusi tangu Ramadhani ya mwaka 129, akakusanya Waarabu wenye kinyongo pamoja na mawali, yaani Waislamu wasio Waarabu waliochoka kuwekwa nyuma.

Penye Zab Kubwa, mto unaoingia Tigris, Marwan alijenga daraja na kuvusha watu wake upande wa adui. Abdullah bin Ali, ami yake Abul Abbas, aliwaamuru askari wake washuke farasi, wapige magoti na kuelekeza mikuki mbele. Wapanda farasi wa Sham wakaja kwa kasi wakajichoma wenyewe. Safu zilipovunjika, mto ulikuwa nyuma yao na daraja likakatika. Masimulizi ya zamani yasema waliozama walizidi waliouawa. Jeshi linaloweka mto mgongoni lazima lishinde, maana halina pa kurudi.

La dini ndilo zito zaidi. Wito wa mapinduzi ulikuwa kumfuata "aliyeridhiwa katika Aali Muhammad", bila kumtaja mtu. Wengi walidhani atatoka katika kizazi cha Sayyidna Ali. Jina lilipotangazwa Kufa, likawa la kizazi cha Abbas, ami yake Mtume. Donda hilo halikupona: mwaka 145 Muhammad an-Nafs az-Zakiyya, wa kizazi cha Hasan, aliasi Madina akauawa.

Wazee husema watu wa Sham walijenga miji yetu zama za Abdul Malik bin Marwan. Bani Umayya walipoanguka, miji hii ilikuwapo?
*Msomaji, Siyu, kisiwa cha Pate*

Habari za Pate zataja mwaka 77 Hijria, yaani 696 hadi 697. Lakini tarehe hiyo iliandikwa karne nyingi baadaye, na kila mji hupenda asili yenye jina kubwa. Kilichomo ardhini twakiheshimu zaidi. Shanga, jirani yenu, ilichimbwa na Mark Horton miaka ya 1980. Makazi ya kwanza kabisa ni ya karne ya 8, na chini ya msikiti wa mawe zilionekana alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya zamani ikiwa ya mwisho wa karne hiyo. Kwa hiyo mwaka 132 Shanga ilikuwa changa mno, kama ilikuwa imeanza, na waliojenga pale walijenga kwa miti na udongo kama majirani zao wa bara.

Tukio la mwaka huo lililotugusa zaidi baadaye lilikuwa Oman: Maibadhi, wafuasi wa madhehebu ya Ibadhi, walimchagua al-Julanda bin Mas'ud kuwa imamu wao wa kwanza huko. Aliuawa na jeshi la Bani Abbas mwaka 134, lakini uimamu ulirudi.

Nikiokota dirhamu ya kale, nitajuaje ni ya Bani Umayya au Bani Abbas?
*Msomaji, Shela*

Soma katikati ya upande wa nyuma. Ya Bani Umayya ina maneno ya Suratul Ikhlas. Ya Bani Abbas ina "Muhammad rasul Allah". Mwaka umeandikwa kwa maneno pembezoni, kwa hiyo usitafute tarakimu. Usiisugue kwa ndimu wala mchanga, kwani maandishi ya pembeni ndiyo hufutika kwanza. Andika ulipoiokota na kina chake, kisha ipeleke makumbusho ya Lamu. Sarafu isiyojulikana ilitoka shimo gani haiwezi tena kutuambia umri wa shimo hilo.