Maswali ya wasomaji: "Watauawa kesho, tuma kwa watu kumi"

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Ninafundisha vijana wa kanisa letu hapa Kibaigwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp umeingia ujumbe kwamba wamisionari 22 watauawa kesho huko Afghanistan, tuombe na tuusambaze. Vijana wamefunga kula. Mzee mmoja wa kanisa anasema mambo ya nje ni siasa, tuachane nayo. Tufanyeje? – Mwalimu wa vijana, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ujumbe huo naufahamu. Unazunguka tangu 2009, na hiyo "kesho" yake haijafika mpaka leo. Ni uongo, waambie vijana wafungue. Aliyeuleta msimtoe kwenye kundi. Mpeni yeye kazi ya kuhakiki. Ujumbe usiotaja mtu, mji wala tarehe uishie kwake.

Kwa mzee wa kanisa, pamoja na heshima zote, sikubaliani naye. Mwaka 2014 Meriam Ibrahim wa Sudan alihukumiwa kunyongwa, akidaiwa kuuacha Uislamu. Alijifungua gerezani akiwa na minyororo miguuni. Watu wa nchi nyingi walipaza sauti, na mwaka huohuo akaachiwa. Mwaka 2020 Sudan yenyewe ikaifuta adhabu hiyo ya kifo.

Mkitaka mzigo wa kweli wa kuombea, Eritrea si mbali. Tangu 2002 serikali inayatambua makundi manne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Mlokole akikutwa anasali sebuleni na majirani anaweza kuwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, na wapo waliofungiwa kwenye makontena ya chuma. Mashahidi wa Yehova watatu, Paulos Eyasu, Isaac Mogos na Negede Teklemariam, walikaa kizuizini bila kesi kuanzia 1994 hadi 2020 kwa sababu dhamiri zao zilikataa jeshi. Najua tunavyowafanyia Mashahidi wakibisha hodi: tunachungulia dirishani, tunamtuma mtoto aseme mama hayupo. Nao waombeeni. Warohingya zaidi ya 700,000 waliokimbia Myanmar kuanzia Agosti 2017 ni Waislamu. Vijana wakiuliza kama inafaa kuwaombea, inafaa, wala msiitishe kikao.

Ila kuna jambo gumu zaidi, na liko nyumbani. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini, hata wa kuibadilisha. Binti wa kwaya akiolewa Kondoa akasilimu, siku ya msiba wa mama yake atakaa mkekani na dada zake, au atapewa kiti nje ya turubai? Hilo la kiti nimeliona kwa macho yangu, na waliopanga viti walikuwa watu wa maombi hasa.

Basi chagueni nchi moja, mkae nayo mwaka mzima. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, yenye majina na tarehe mlizohakiki, bila kuitukana dini ya mtu. Mchungaji wenu aisaini, kisha ipelekeni Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Ofisi zao zipo hapahapa Dodoma, basi moja tu kutoka kwenu. Nendeni na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, maana baada ya mwezi mtarudi kuulizia.