Kumlaza mzee mwenye nyonga zilizokakamaa anapowekewa mrija wa mkojo

Mwenzetu ameuliza afanyeje anapotakiwa kumwekea mrija wa mkojo bibi ambaye nyonga zake zimekakamaa hata hawezi kupanua miguu akiwa chali. Nimeuguza wazee katika makao yao kwa miaka mingi, na mwanzoni nilikosea papo hapo: nilimpanua bibi mmoja magoti kama picha ya kitabuni ilivyoonyesha, akalia kwa maumivu, misuli ikazidi kukaza, na mrija haukuingia.

Siku hizi mzee wa namna hiyo namlaza kwa ubavu, ule ambao mwenyewe anaona nafuu, magoti yakikunjwa kidogo kuelekea tumboni na mguu wa juu ukiegemea mito miwili, nami nikisimama nyuma yake. Tundu la mkojo mara nyingi huonekana vizuri kutoka huko, lakini njia ya haja kubwa iko karibu, kwa hiyo ni lazima isafishwe na kufunikwa kabla ya kugusa kifaa chochote safi. Soma jalada lake kwanza: aliyebadilishiwa nyonga huenda amekatazwa kuikunja kupita nyuzi 90 au kuuvusha mguu upande wa pili, na huyo huhitaji mto katikati ya mapaja.

Kugeuza ndiko kunakoumiza wengi, mgonjwa na muuguzi pia. Mweleze utakachofanya, usubiri akubali, funga breki, pandisha kitanda hadi usawa wa kiuno chako, na muwe wawili wenye shuka ya kutelezesha, maana kumburuta huchubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Aliyepooza kwa kiharusi asivutwe kamwe kwa mkono, bega lake huteguka kwa urahisi. Mfunike pia kila mahali pasipohitajika kuonekana. Nimewahi kudhani mzee anakataa huduma kumbe alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Ukimaliza, usimwache katika mkao uleule. Akipenda kubaki ubavuni, mwinamishe kwa nyuzi 30 hivi, mto ukiwa mgongoni, kwa kuwa akilala ubavu kamili uzito wote huangukia mfupa wa nyonga, na visigino viinuliwe visiguse godoro. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na kengele iwekwe karibu na mkono wake wenye nguvu.