Nunua reli kwanza, droo ikatwe baadaye

Fundi mmoja wa Lindi ameniandikia. Kabati la jikoni, uwazi wa droo sentimita 40, kina cha kabati kwa nje sentimita 45. Amenunua reli za gololi, vile vyuma vya ubavuni vinavyotelezesha droo, za inchi 18, droo ameikata upana wa sentimita 37.8. Sasa uso wa droo umebaki nje kama meno ya ngiri, na kuivuta ni kazi ya watu wawili. Anauliza kama reli alizouziwa ni feki.

Reli hazina kosa. Makosa ni mawili, yote ya futi kamba, na yote yana chanzo kimoja: droo ilikatwa kabla reli hazijafika mezani.

Tuanze na kina. Reli inayouzwa kama inchi 18 huwa na milimita 450 hivi ikiwa imefungwa. Kabati la milimita 450 kwa nje, ukitoa ubao wa nyuma wa 18, linabaki na 432. Reli ya 450 itakaa wapi? Saizi zinapanda kwa inchi mbili mbili, kuanzia 10 hadi 24, yaani milimita 250, 300, 350 na kuendelea hadi 600. Pima kina cha ndani, kuanzia ukingo wa mbele hadi ubao wa nyuma, toa milimita 3, kisha chukua saizi inayofuata kushuka. Kwake yeye ni inchi 16. Kama uso wa droo unaingia ndani ya kabati badala ya kulifunika, toa na unene wa uso huo. Uso wa milimita 18, pamoja na 2 za kurudisha reli ndani, unakula 20 kabla reli haijaanza. Na usije ukakata reli kwa msumeno wa chuma ili itoshe. Vizuizi vya gololi viko kwenye ncha, ukivikata utaziokota sakafuni.

Upana ndio penye mambo. Reli ya gololi ya ubavuni inahitaji nafasi ya milimita 12.7 kila upande, ambayo ni nusu inchi. Pande mbili ni 25.4. Toa 26 kwenye uwazi na hutajuta. Uwazi wa 400 unazaa droo ya 374 kwa nje. Yeye ameacha 22, amezinyima reli zaidi ya milimita 3, na chuma hakijui kusamehe. Gololi zimekaa ndani ya mfereji mwembamba. Ukiubana, zinaacha kuzunguka na kuanza kukwaruza. Ukilegeza kupita kiasi, tuseme ukaacha 29, vipande vya reli vinavutwa mbali kimoja na kingine, droo inayumba, inainama mbele ikiwa wazi, na siku moja inachomoka na vijiko vyote. Afadhali ilegee milimita 1 kuliko ibane milimita 1, kwa sababu ulegevu unazibwa kwa kipande cha formika nyuma ya reli. Mbano dawa yake ni randa.

Uwazi wenyewe upime mara tatu: mbele, katikati na nyuma. Makabati yetu mengi ni mapana nyuma kuliko mbele au kinyume chake. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote, halafu pale penye upana zaidi jaza. Kabati la mninga lenye fremu ya mbele lina mtego wake: fremu inaingia ndani kupita ubavu. Fremu ya milimita 40 juu ya ubavu wa 18 inaacha pengo la 22, na reli haiwezi kuning'inia hewani. Funga kipande cha ubao cha 22 ubavuni, kilingane sawasawa na fremu, ndipo reli ije.

Kukata kisanduku sasa. Mbao za mbele na za nyuma zikikaa katikati ya mbavu, urefu wake ni upana wa droo kutoa unene wa mbavu mbili. Droo ya 374 yenye mbavu za 15 inataka vipande vya 344. Lakini plaiwudi inayoitwa 15 mara nyingi ni 14 na kitu. Pima ubao ulio mkononi, usipime jina lake. Na ukishabana gundi, pima milalo miwili kutoka kona hadi kona; ikitofautiana, kisanduku kimepinda, na hakuna reli duniani itakayokinyoosha.

Huku pwani watu wanaogopa mbao kuvimba masika yakianza, wanaacha nafasi kubwa pembeni. Ubao hauvimbi kwa urefu wake, unavimba kwa upana. Upana wa droo unabebwa na urefu wa vipande vya mbele na nyuma, kwa hiyo hausogei. Kinachosogea ni kimo cha droo. Ubavu wa mbao nzima wenye kimo cha milimita 200, ukikatwa wakati wa kiangazi, unaweza kuongezeka milimita 2 au 3 mvua zikikolea kati ya Desemba na Aprili. Nafasi ya ziada iweke juu, milimita 10 hadi 15, si pembeni. Mninga hutulia kuliko mbao nyingi. Msindano mbichi utakuaibisha. Chipubodi na MDF, zile mbao za vumbi na nyuzi za miti zilizoshindiliwa kwa gundi, shida yake ni nyingine: kingo zisipofunikwa, maji yakiingia zinavimba na hazirudi.

Uzito. Reli yenye kimo cha milimita 45, ile inayotoka nje yote, kwa kawaida hubeba kilo 35 hadi 45, na hiyo ni kwa jozi. Wauzaji wengine watakwambia ni kwa kila moja, si kweli. Droo ya mchele na unga yenye kilo 20, pamoja na kisanduku cha kilo 5, inatosha hapo bila wasiwasi. Droo ya vyuma vya karakana haitoshi, tafuta reli nene za kimo cha 53 au 76, na usome unene wake upya, kwa sababu si zote zinakaa kwenye nusu inchi. Zile nyeupe za gurudumu la plastiki ni za nguo na karatasi, kilo 25 hivi, tena hazitoki zote. Robo ya nyuma inabaki gizani. Zenyewe zina kushoto na kulia. Herufi CL na CR zinakwenda kwenye kabati, DL na DR kwenye droo, L kushoto na R kulia. Fundi akizichanganya atashinda kutwa nzima anatukana kiwanda.

Wakati wa kufunga, rudisha reli ya kabati ndani milimita 2 kutoka ukingoni. Kata kipande cha plaiwudi chenye kimo unachotaka, kiweke chini ya reli upande huu kisha upande wa pili, na hutahitaji kupima mara mbili. Skrubu za 3.5 kwa 16 zinatosha kwenye ubao wa 18. Kwenye ubavu wa 12 chukua fupi zaidi zisitokeze. Toboa kwanza kwa dirili ya 2.5, hasa kwenye mkongo. Anza na matundu marefu, moja mbele na moja nyuma, jaribu droo, rekebisha, ndipo ufunge skrubu kwenye yale ya duara. Kichwa cha skrubu kikisimama juu hata nusu milimita, gololi zitakigonga kila siku mpaka zichoke.

Kisha kosa linaloua reli mpya kuliko yote. Kabla ya kuingiza droo, vuta kile kishikilia gololi kilicho ndani ya reli ya kabati kije mbele kabisa. Kikibaki nyuma, reli ya droo inakipiga kichwani, kinakunjika, na gololi mbili tatu zinadondoka. Ukihisi kizuizi, rudi nyuma. Usisukume kwa goti!

Kwa nyumba za Mikindani zilizo karibu na bahari, zinki huanza kupauka, kisha kutu jekundu. Futa kwa kitambaa kikavu, paka grisi nyepesi kidogo. Mafuta ya kupikia na oili chafu vinashika vumbi, na vumbi la Newala likichanganyika na oili linakuwa msasa. Kabla ya kupiga msasa kabati, toa reli zote.

Basi, fundi wa Lindi, reli za inchi 18 zirudishe dukani kama bado zina hali nzuri, chukua za 16. Ng'oa ubao wa nyuma wa droo, punguza mbavu zibaki 400. Kisha piga randa milimita 2 kila ubavu, ilimradi ubao wako ni wa 15. Kama ni wa 12, usirande: tengeneza kisanduku kipya cha 374.