Ndugu mzazi wa Kidato cha Kwanza, anza na tarehe za daftari

Kila Januari hukutana na mzazi yuleyule, ingawa sura hubadilika. Anafika getini na mtoto aliyevaa sare mpya, shati bado lina mikunjo ya dukani. Anajaza fomu, anakabidhi rimu ya karatasi na fagio, kisha anasogea karibu na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi niliishia la saba. Huku ni Kiingereza kitupu, simwezi tena. Nakuachia wewe." Anaondoka, na mara nyingi namwona tena siku mtoto amepata matatizo.

Nimefundisha Kidato cha Kwanza miaka 17 katika shule ya kata ya kutwa hapa Tanzania, na miaka 9 ya mwisho nimekuwa pia mwalimu wa malezi. Nakuandikia kwa sababu hiyo kauli ya "nakuachia wewe". Naielewa inakotoka, lakini imewagharimu watoto wengi kuliko umaskini.

Ni kweli lugha inabadilika, tena ghafla. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili miaka 7. Akifika kwetu, karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Anajua vizuri kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Neno usanisinuru analikumbuka. Swali lilelile likiandikwa ubaoni kwa Kiingereza anainamisha kichwa. Si kwamba hana akili. Anabeba mizigo miwili kwa pamoja, Biolojia yenyewe na lugha ya Biolojia. Ndiyo maana wiki za mwanzo tunaendesha kozi ya Kiingereza kabla hatujazama kwenye masomo. Mtoto anayezikosa huhangaika mwaka mzima.

Kwa hiyo nakusihi usimkalishe mtoto nyumbani hadi Machi eti unatafuta pesa ya sare. Mlete na kaptula au sketi yake ya shule ya msingi. Serikali imeelekeza mara kadhaa watoto wapokelewe hata kama sare haijapatikana, na mwalimu mwenye utu hamrudishi mtoto kwa sababu ya shati. Sare inaweza kumfuata baadaye. Wiki zile hazimfuati.

Sasa nije kwenye daftari.

Jumapili jioni mwambie mwanao alete madaftari yote, ayapange juu ya mkeka. Usihangaike kusoma kilichoandikwa. Angalia tarehe. Hisabati hufundishwa karibu kila siku, hivyo tarehe zake zinapaswa kufuatana kama shanga. Ukikuta daftari la Fizikia limeishia tarehe 5 Februari na leo ni tarehe 24, kuna jambo: ama mtoto hakuwepo darasani, ama alikuwepo na hakuandika, ama darasa halina mwalimu wa Fizikia. Yote hayo ni haki yako kuyajua, na hakuna linalohitaji Kiingereza.

Hilo la mwisho hutokea, sitalificha. Walimu wa sayansi na Hisabati hawatoshi katika shule nyingi za kata. Kuna mwaka darasa langu lilikaa karibu muhula mzima bila Fizikia, na sisi walimu tukawa tumezoea, tunawapa watoto kitabu wanakili. Mama mmoja muuza mboga akaja na daftari la binti yake, akaliweka mezani na kuuliza, "Mbona hili limekufa?" Swali lile lilifika kwenye bodi ya shule, wazazi wakaitwa, wakakubaliana kuchangia posho ya kijana aliyemaliza chuo akisubiri ajira, aje afundishe kwa kujitolea. Alianza baada ya wiki tatu. Nafikiri mara nyingi juu ya watoto waliosoma miaka ambayo hakuna mzazi aliyeuliza.

Baada ya tarehe, tafuta wino mwekundu. Kazi isiyosahihishwa ukurasa baada ya ukurasa ni kosa letu walimu, tuulize. Kazi iliyosahihishwa ikajaa makosa, chini yake mtoto asirudie kuifanya, hilo ni lake, muulize yeye.

Halafu mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa. Kuna bibi mmoja aliyelea wajukuu wawili waliopita mikononi mwangu. Hajui kusoma kabisa. Jioni akipukuchua mahindi humwita mjukuu: "Haya, leo mmefundishwa nini?" Mtoto akianza kubabaika anamkatiza, "Basi hujaelewa. Kesho kamuulize mwalimu." Asubuhi kijana alikuwa ananifuata kabla ya paredi: "Mwalimu, bibi amesema nije niulize tena." Nilikuwa nafundisha upya, na nusu ya darasa ilipumua, maana nao hawakuwa wameelewa ila waliogopa kusema. Mtoto anayeweza kulieleza jambo kwa lugha ya nyumbani amelielewa, na Kiingereza chake kitapata pa kukaa.

Fahamu pia namna tunavyotoa matokeo, kwa sababu yamewahi kuleta kilio pasipo sababu. Katika mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Yanahesabiwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri. Shule nyingi hutumia hesabu hiyohiyo kwenye mitihani ya ndani. Kwa maana hiyo pointi zikiwa chache ndiyo furaha. Baba mmoja alimfokea binti yake mbele ya ofisi kwa kupata pointi 15 wakati mtoto wa jirani ana 28. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda, kisha akamshika binti mkono na kumwomba radhi palepale. Binti yule hakuisahau siku ile, na mimi pia. Kabla ya Kidato cha Nne kuna upimaji wa taifa wa Kidato cha Pili, na asiyefaulu hukariri darasa, kwa hiyo usisubiri mwaka wa nne ndipo ushtuke.

Kwenye ukuta wa ofisi yetu tumeandika maneno manne: ukweli, kuwahi, kazi, heshima. Kila shule ina maneno ya namna hii. Nikueleze matatu ya mwisho yanavyoishi huku, ili mtoto akija nyumbani na malalamiko ujue yanatoka wapi.

Kuwahi ni saa 1:15 asubuhi. Namba zinaitwa, usafi unafanyika, paredi, wimbo wa taifa, vipindi vya dakika 40 mpaka mchana. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba mtoto anayetumwa kuchota maji madumu matatu kabla ya kuondoka hawezi kuwahi. Tunamwadhibu yeye kwa kosa la nyumbani kwake, na hilo huniuma.

Kazi ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Mtoto atafyeka, atadeki darasa, ataosha vyoo kwa zamu, atapalilia shamba la shule. Wazazi huja juu: "Nimemleta kusoma, siyo kufyeka." Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zinaamini kwamba anayesoma hapaswi kuona kazi ya mikono ni ya watu wengine. Mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Shule za kata zenyewe, zile zilizoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa serikali wa kupanua elimu ya sekondari wa mwaka 2004, zilisimama kwa sababu wanakijiji walisomba mawe na mchanga. Labda wewe mwenyewe ulibeba. Mtoto anayefagia jengo lile anatunza jasho lako. Lakini kuna mpaka. Kufyeka uwanja wa shule wakati wa usafi ni malezi. Kwenda kulima shamba la mwalimu wakati wa vipindi ni dhuluma. Mwanao akikwambia hilo, usinyamaze kwa kuogopa atachukiwa. Njoo kwa mkuu wa shule, na usipopata jibu nenda kwa ofisa elimu kata.

Heshima huku si shikamoo peke yake. Wageni wa Kidato cha Kwanza huitwa njuka, na kuna wakubwa wanaofikiri njuka ni mtu wa kuwafulia na kuwanunulia maandazi. Tumelikataza, na viranja wetu wanalisimamia, lakini uonevu hufanyika nyuma ya jengo, ambako mwalimu hayupo. Mtoto akianza kuomba hela zaidi ya kawaida, au akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, muulize taratibu na kwa utulivu. Mara nyingi si tumbo.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne, iandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Zaidi ya hapo ni uvunjaji wa kanuni. Binafsi fimbo niliiacha zamani, nikaona watoto hawakuharibika. Nawe ukija shuleni usiniambie "mchape tu mwalimu, nakuruhusu." Mtoto anayesikia maneno hayo hatanifuata tena akiwa na tatizo.

Jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote ni njia. Watoto wetu wengine hutoka nyumbani saa 11 alfajiri, giza bado, wanatembea saa moja na nusu. Barabarani kuna bodaboda. Kijana anampa binti lifti siku ya kwanza, ya pili, wiki ya tatu anamnunulia chipsi, na mtoto wa miaka 14 aliyeshinda na njaa anaona amepata rafiki. Nimeishuhudia njia hiyo inakoishia. Sheria ya mwaka 2016 inampa kifungo cha miaka 30 mwanamume anayempa mwanafunzi mimba, lakini kifungo huja baada ya madhara. Panga na wazazi wa kitongoji chako watoto watembee kundi moja, na mtu mzima awasindikize mpaka penye mwanga. Kijiji kimoja cha jirani wanapokezana kwa wiki, na utoro wa watoto wao umepungua mbele ya macho yangu.

Wengine, kwa nia njema, humpangia mtoto chumba karibu na shule. Hayo mageto nayaogopa kuliko umbali. Mtoto wa miaka 14 peke yake, akipika mwenyewe, mlango wa bati, hakuna anayemuuliza amelala wapi. Kama shule ina hosteli, mpeleke hosteli. Kama haina, mtafutie nyumba ya mtu unayemwamini, mwenye familia, uende umwone kila baada ya wiki mbili bila kutoa taarifa. Na kama binti yako amepata mimba, usimfukuze na usimfiche. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ninao waliorudi. Walikaa dawati la mbele, wakasoma kama watu wanaojua wamerudishiwa kitu.

Pesa nitasema kwa kifupi. Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016. Kwa shule za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare, madaftari na nauli vimebaki kwako. Chakula cha mchana hutegemea makubaliano ya wazazi. Shuleni kwetu ni debe la mahindi na kilo chache za maharage kwa muhula, na anayeshindwa huja kuongea. Naomba usipuuze hilo debe. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri, kufika saa 7 mchana hasikii tena ninachosema, hata ningefundisha kwa Kiswahili.

Kwenye kikao cha wazazi huja akina mama na akina bibi. Akina baba huja mtoto akisimamishwa masomo. Ningefurahi sana kuwaona mapema. Huhitaji barua ya wito, wala suti, wala Kiingereza. Ukifika usiniulize "anaendeleaje?" kwa sababu nitakujibu "anaendelea vizuri" halafu nitakimbilia kipindi. Niulize amekosa siku ngapi mwezi huu, anakaa na nani darasani, somo gani anasinzia. Hayo ninayo kwenye daftari la mahudhurio na kichwani mwangu.

Jumatano baada ya vipindi huwa sina darasa. Ofisi ya malezi ni mlango wa pili ukishapita mlingoti wa bendera, chini ya mwarobaini. Njoo na daftari la Hisabati.