Nataka kuacha kazi ya duka na sina nyingine: maswali yenu na majibu

Tangu Januari ipite, maswali mengi yanayonifikia yanatoka kwa watu wanaofanya kazi wakiwa wamesimama: makeshia, wapanga shelfu, wauzaji wa nguo Eastleigh, wauzaji wa simu Luthuli, hapa Nairobi. Wengi wanauliza jambo lile lile: niache kazi hii sasa, ilhali sina nyingine mkononi? Nimechagua machache. Nitasema msimamo wangu mapema: kuacha kazi inayokumaliza si uvivu wala si kukosa shukrani. Ila ondoka na kilicho chako, tena kwa tarehe uliyoipanga ukiwa umetulia.

"Dada, mimi ni keshia kwenye supamaketi moja huku Donholm, huu ni mwaka wa tano. Naishi Pipeline. Siku za shifti ndefu natoka kwangu kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Miguu inavimba, na nikilala nasikia tili ikilia. Nina akiba ya shilingi 40,000. Nataka kuandika barua ya kuacha mwisho wa mwezi. Wenzangu wanasema nimerukwa na akili. Ni kweli?" – Keshia, Pipeline

Hujarukwa na akili, dada yangu. Mtu anayesikia tili usingizini amefikishwa mahali ambapo mapumziko ya usiku mmoja hayamtoshi, na sitakuambia uvumilie kwa sababu tu kazi ni haba. Nitakuomba tu tupige hesabu kwanza.

Piga *334# uombe stetimenti yako ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita. Kaa nayo mezani na kalamu. Kodi, tokeni za stima, maji, gesi, unga, bando, pesa za nyumbani, mchango wa chama, vyote viandike kama ulivyovilipa, usiandike unavyodhani unalipa. Weka alama palipo na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mikopo mingine ya simu, maana hapo ndipo wengi hugundua mshahara unakoishia. Kisha ondoa nauli ya kazini na chakula cha mchana cha kibandani, kwa kuwa hivyo vitapungua. Jumla ikiwa 20,000 kwa mwezi, akiba yako ni miezi miwili. Serikali yetu haina malipo ya kumshikilia aliyeacha kazi, kwa hiyo miezi hiyo miwili ndiyo yote uliyo nayo, pamoja na watakachokulipa ukitoka.

Watakacholipa ndicho watu wengi wa madukani hukiacha nyuma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12. Ukiacha kabla mwaka haujatimia, unahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya. Kama tangu mwaka jana hukupewa likizo kwa sababu "duka lina watu wachache", siku hizo ni pesa zako, na zinakaribia mshahara wa mwezi mzima. Ulizia ofisini ni ngapi zimebaki, na uulize kabla hujataja habari ya kuacha.

Mimi ningekushauri uzitumie kwanza. Omba likizo, lala siku kadhaa bila kengele ya simu, kisha zunguka na wasifu wako ukiwa bado na mshahara. Ukirudi na moyo ukakataa hata kuingia mlangoni, basi umepata jibu, andika barua. Barua iwe fupi: leo ni tarehe fulani, naacha kazi, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wenu au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yametaja muda mrefu zaidi. Mwajiri akikuambia "nenda leo, hatukuhitaji tena", ni sawa, lakini siku za notisi zilizobaki anakulipa.

Sasa hiyo miguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri kuwawekea viti wafanyakazi wanaofanya kazi wakisimama, ili waketi kila wanapopata nafasi ya kupumzika. Nimeona tili nyingi Nairobi hii ambapo keshia hana hata stuli, na foleni ikiisha anaegemea kaunta kwa viwiko. Si anasa unayoomba. Kama kuna mwakilishi wa wafanyakazi hapo kwenu, mwambie alipeleke suala hilo. Chama cha wafanyakazi wa sekta yenu ni KUCFAW. Hata kama wewe unaondoka, atakayekaa kwenye tili hiyo baada yako ana miguu pia. Na uende hospitali uonyeshe uvimbe huo sasa, ukiwa bado unakatwa SHA, bima ya afya ya serikali, kwenye mshahara.

Kuhusu tarehe: maduka mengi huongeza watu kuelekea Krismasi, na baada ya hapo huwaachilia. Anayetoka Desemba mwishoni anakutana na Januari, karo, na maduka yasiyoajiri. Ukiweza kujisogeza hadi akiba ifike miezi mitatu, na kodi ya miezi hiyo uiweke kando usiiguse, utaondoka ukiwa na nafasi ya kuikataa kazi mbaya ya kwanza utakayopewa. Ukiona huwezi kufika huko bila kuanguka, toka mapema, na upunguze matumizi kabla hujatoka.

"Mkubwa, kila baada ya stoktaki, bidhaa zikihesabiwa zikapungua, tunakatwa mshahara wote, hata wa stoo ambao hatugusi pesa. Mwezi jana nilipokea nusu. Nataka tu nisirudi kesho, wajue wenyewe. Kuna ubaya?" – Wa stoo, Industrial Area

Upo, na utakuumiza wewe. Kutokwenda kazini bila ruhusa kunahesabiwa kuwa kosa kubwa, na kunampa mwajiri sababu ya kukufuta mara moja. Badala ya mfanyakazi aliyeonewa, kwenye karatasi unakuwa aliyetoroka. Anaweza pia kudai malipo ya notisi ambayo hukutoa. Siku ulizofanya kazi lazima akulipe hata hivyo. Usikubali kuambiwa zimepotea.

Ama hayo makato: sheria inaruhusu keshia, au yeyote ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa, akatwe shorti, yaani pesa zilizopungua, iliyotokana na uzembe au udanganyifu wake. Inaruhusu pia makato ya kiasi kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Hakuna mahali inaposema hasara ya duka igawanywe kwa kila aliyevaa sare. Na makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kusanya payslipi zako. Kama hupewi, piga picha meseji za benki zinazoonyesha kilichoingia, uandike tarehe ya kila stoktaki. Peleka hayo kwa afisa wa leba. Notisi unaweza kuitoa siku hiyo hiyo ukitaka.

"Mimi ni wa kulipwa kwa siku, duka la jumla Kamukunji, mwaka wa pili. Nahitaji notisi?"

Wa siku moja moja huweza kuondoka jioni bila notisi. Lakini wewe si wa siku moja moja tena. Aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi, sheria inamhesabu kama anayelipwa kwa mwezi, hata kama pesa anapewa mkononi kila jioni. Kwa hiyo toa notisi ya siku 28, na udai likizo uliyoikosa. Wenye maduka wengi hawapendi kulisikia hili.

"Shikamoo. Mama yangu yuko Mumias, namtumia 4,000 kila mwezi, na amekuwa akijisifu kwa majirani kwamba nafanya kazi mjini. Nikiacha nimwambie, au ningoje nipate nyingine?" – Kifunguamimba

Marahaba, mwanangu. Mwambie, tena kabla hujatoka. Ukingoja, mwezi wa kwanza utakopa ili umtumie, wa pili utaacha kushika simu yake, na atabaki akidhani umemkasirikia. Hilo litamuuma kuliko habari ya kazi. Usimwandikie meseji, mpigie jioni akiwa ametulia. Mweleze kazi imekufanya nini mwilini, kwa sababu mama huelewa ugonjwa kwa haraka kuliko anavyoelewa uchovu. Kisha mtajie kiasi: "kwa miezi mitatu nitatuma 1,000." Kiasi kidogo kinachojulikana kinamwezesha kupanga mambo yake. Wadogo zako wanaofanya kazi nao waambie, mzigo huo haukuandikwa jina lako peke yako. Ya majirani mwachie mwenyewe, atajua la kuwaambia.

"Nina mkopo wa sako, wenzangu watatu kazini wamenidhamini. Nina mkopo wa masomo wa HELB pia. Na hiyo SHA itakuwaje?" – Muuzaji, Zimmerman

Anza na wadhamini. Makato ya mshahara yakikoma na usipolipa, sako itawageukia hao watatu, watu mliokula pamoja. Kabla ya barua ya kuacha kazi, nenda sako uulize salio, uulize kama akiba yako inaweza kulipa mkopo huo, na kama wanakubali kupunguza malipo ya kila mwezi kwa kuongeza muda. Kisha waambie wenzako kwa kinywa chako, wasilisikie kwenye ofisi ya sako. Na kama nawe umemdhamini mtu, akiba yako haitoki hadi apate mdhamini mwingine.

HELB waandikie mara moja kwamba huna mshahara. Kunyamaza kunaleta faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa, na faini hiyo hukua haraka kuliko deni.

SHA, ulipokuwa kazini, ilikuwa asilimia 2.75 ya mshahara wako, mwajiri akipeleka. Ukitoka, unapiga *147#, unajibu maswali ya kipato cha nyumba yako, unapewa kiwango, na unalipa cha mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Pesa hizo ziingize kwenye hesabu ya kuondoka, hasa kama una mtoto. NSSF, akiba ya uzeeni, usiipigie hesabu kabisa. Huwezi kuichukua kwa kuacha kazi tu ukiwa kijana.

"Kwenye intavyuu nikiulizwa kwa nini niliacha bila kazi nyingine, nijibu nini?"

Ukweli mfupi, usio na lawama: "Nilifanya miaka minne, nikahitaji kupumzika na kujipanga, sasa niko tayari." Kisha uwaeleze unachojua. Keshia aliyefunga tili bila shorti wiki baada ya wiki, akamtuliza mteja mwenye hasira huku foleni ikifika kwenye friji za maziwa, ana kitu cha kusema. Usimseme meneja wako wa zamani vibaya. Anayekusikiliza atajiona yeye ndiye anayefuata.

"Niliacha miezi miwili iliyopita. Nilidhani nitafurahi. Sasa silali, sili vizuri, siwezi hata kutuma maombi ya kazi. Je, nilikosea kuacha?" – Kayole

Hapana. Mwili uliobanwa miaka mingi, ukiachiliwa, hudai usingizi wake wote, na mara nyingine huleta huzuni usiyoitarajia. Lakini miezi miwili bila usingizi na bila hamu ya kula haipiti kwa kungojewa tu. Nenda kliniki iliyo karibu nawe useme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Hospitali ya afya ya akili ya Mathari ina kliniki ya watu wanaokuja na kurudi nyumbani, na haiwahudumii wenye hali mbaya peke yao. Ukianza kufikiria kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje asubuhi: mwamshe mtu, au wapigie Befrienders Kenya, wanaosikiliza watu wenye mawazo hayo. Maombi ya kazi yatangoja, na sitaki uyaguse wiki hii. Amka, oga, tembea hadi stejini urudi. Niandikie tena, nitasoma.

"Niliacha vizuri, nikatoa notisi, lakini cheti changu cha utumishi wananizungusha. Njoo Ijumaa, njoo Jumatatu. Kazi mpya wanakitaka." – Githurai

Hicho hawakupi kwa hisani. Yeyote aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne mfululizo lazima apewe cheti cha utumishi anapoondoka: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali, siku uliyomaliza. Mwajiri anayekataa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6. Barua ya kukusifu ni jambo jingine. Hiyo hawalazimiki kuiandika, kwa hiyo msichanganye mkaenda kuidai kwa ukali.

Acha kwenda kwa miguu. Andika barua, utaje tarehe uliyotoka, uwape siku 7. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo. Siku 7 zikipita kimya, ipeleke nakala hiyo kwa afisa wa leba pamoja na barua yako ya notisi. Haki yako ya kwenda Mahakama ya Ajira hudumu miaka 3, lakini kwa cheti sidhani mtafika huko. Na kwa wanaosoma hili wakiwa bado kazini: ombeni cheti siku ile ile ya mwisho, kabla hamjarudisha sare. Makampuni hufungwa. Tumeona supamaketi za Nakumatt, tumeona Tuskys, na mlango ukishafungwa hakuna dirisha la kuulizia karatasi.