Arwen Adhiambo: Kumpa Mtoto Jina la Kitabuni

Wazazi wenzangu hapa Kisumu wameniuliza kama ningewashauri wachukue jina la mtoto kutoka katika hadithi za kubuni, kama tulivyofanya sisi kwa binti yetu, Arwen Adhiambo. Naam, mradi waisome hadithi yenyewe mpaka mwisho.

Jina Arwen lilibuniwa na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Kwa Kisindarin, lugha aliyowatungia Waelfi wake, viumbe wa kubuni wasiozeeka, kwa kufuata sauti za Kiwelisi, maana yake ni mwanamwali mwenye hadhi. Arwen ni binti wa Elrond, bwana wa Waelfi, katika The Lord of the Rings, kitabu kilichotoka kati ya 1954 na 1955, ingawa wengi walimfahamu kwa filamu ya 2001 iliyompa nafasi kubwa zaidi. Kisa cha mapenzi yake kimewekwa katika nyongeza za kitabu, na wengi hawafiki huko: anauacha uhai usiokoma ili aolewe na Aragorn, binadamu wa kufa, na mumewe anapofariki, naye anafariki kwa majonzi, akiwa peke yake.

Mama mkwe wangu aliuliza jambo hilohilo: huyo mwenye jina aliishije, na alikufaje? Kwa Wajaluo, jina halitengani na aliyelibeba, kwa hiyo nilimsimulia yote bila kuficha kifo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mwanamke aliyejichagulia maisha yake si wa kuogopwa. Alifurahi zaidi aliposikia kwamba Arwen huitwa pia Undómiel, yaani Nyota ya Jioni, kwani binti yetu alizaliwa jioni na tayari alikuwa Adhiambo, jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa jioni.

Waliowaita watoto wao Khaleesi hawakuwa na nafasi hiyo ya kuujua mwisho mapema. Katika vitabu vya George R.R. Martin hicho ni cheo cha mke wa khal, yaani mtawala wa wapanda farasi, wala si jina; na wengi walilichagua kabla ya 2019, tamthilia ya Game of Thrones iliyotokana na vitabu hivyo ilipomalizika kwa Daenerys, malkia mwenye cheo hicho, kuteketeza mji mzima.

Tahajia nayo inataka uangalifu. Muuguzi aliandika "Aruwin" katika kitabu cha kliniki, na nyumbani wazee humwita Aruweni, naye huitika vizuri tu. Hata hivyo, kagueni fomu ya hospitali herufi kwa herufi kabla ya kuondoka, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hufuata kilichoandikwa pale, na ombeni majina yote mawili, la kitabuni na la nyumbani, yaingizwe pamoja.