Haidrojeni kutoka kwenye mafuta: maswali yenu wana Tanga

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu seli ya fueli, ile mashine inayokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani ukapata umeme na maji. Haya twende.

Bomba la mafuta la Chongoleani likikamilika, si tutoe haidrojeni hapa hapa? (Raskazone)

Hapana kaka, yale ni mafuta ghafi toka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, yakifika yanapakiwa melini yanaondoka. Rahisi zaidi ni gesi asilia kama ya Songo Songo, unaichanganya na mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 700 hadi 1,000 juu ya nikeli, metali inayochochea kazi, gesi inavunjika ikatoa haidrojeni, na kinachonifurahisha mimi ni kwamba karibu nusu ya haidrojeni unayopata inatoka kwenye yale maji.

Nagandisha samaki kwa jenereta la dizeli, naweza kuhamia kwenye seli ya fueli, dizeli ikitoa haidrojeni? (Deep Sea)

Hapa ndo penye kazi. Dizeli ni nzito, ukiivunja vibaya inaacha masizi yanaziba nikeli, halafu kuna salfa, hata kidogo tu inaua nikeli na seli yenyewe kwahiyo lazima itolewe kwanza, alafu bado kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka pamoja na haidrojeni, maana seli za kawaida zinazofanya kazi kwenye nyuzi kama 80 haziivumilii kabisa, inabidi uipitishe tena na mvuke igeuke kaboni dayoksaidi na haidrojeni zaidi, na hapo bado unaichuja tena. Zipo seli za kauri za joto kali, nyuzi 600 kwenda juu, hizo kaboni monoksaidi kwao ni chakula, kwa dizeli mi ningeangalia upande huo. Ila kwa samaki wa leo kaka, tunza jenereta lako.

Na mtungi wa gesi ya kupikia je? Kijana wangu anataka kujaribu. (Mama wa Ngamiani)

Shikamoo mama. Inawezekana, Japani tangu 2009 wanauza mashine za majumbani zinaitwa Ene-Farm, zinatumia gesi ya bomba au ya mtungi, zinatoa umeme na joto lake linachemsha maji ya kuoga. Lakini mama nakuomba sana, kijana asijaribu uani na jiko na vyuma, kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inaua watu wamelala.

Kwahiyo moshi hakuna? (Pongwe)

Kwenye seli hakuna, ila kule kiwandani inakotengenezwa haidrojeni, kila kilo ya haidrojeni ya gesi asilia inaacha kama kilo 9 au 10 za kaboni dayoksaidi, na isipokamatwa inaenda hewani vilevile.